Daftari la Wasiokuja

Mafunjo ni ya mahekalu, na ya watoza kodi.
Mimi huandika juu ya kibanzi cha chokaa
kilichoruka patasi ilipouma mlima,
au juu ya kigae cha mtungi aliouvunja mke wangu kwa hasira
(simlaumu; nilikuwa nimesema neno juu ya mama yake).

Kazi yangu nyepesi kuliko ya wenzangu:
kusimama mlangoni mwa kaburi ambalo mwenyewe bado anapumua,
kuhesabu waingiao, kuhesabu tambi za taa wanazoingia nazo,
na wasiokuja kuwatia wino mwekundu.

Mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya nne:
Penubu hayupo. Ameumwa na nge.
Siku ya tano: Penubu hayupo. Nge yuleyule.
Siku ya saba: Kasa hayupo, anapika pombe.
Siku ya nane: Kasa hayupo, anainywa.
Siku ya kumi na moja: Siwaji hayupo. Anamvika mama yake sanda.
Siku ya kumi na mbili: Siwaji hayupo.
Siku ya kumi na tatu: Siwaji amekuja,
amechora nyota mia mbili za manjano darini
wala hakusema na mtu.

Mle ndani, ukutani, mfalme ni mrefu mara nne kuliko adui zake,
nywele za watu kumi kazikamata kwa mkono mmoja.
Mimi nilimwona mara moja tu, akipitishwa kwenye machela.
Alikuwa anakohoa.

Kitongoji chetu hakina kisima.
Maji hupanda juu ya migongo ya punda,
nafaka hutoka ghala za ng'ambo, na samaki, na kuni;
yaani tumbo letu limewekwa rehani
kwa watu wasiotujua majina.
Na mwaka huu ghala zikanyamaza.
Siku ishirini. Karani wa ghala akatuletea salamu.

"Salamu hazisagwi," akasema Hunuro, mke wa Penubu.
Akalipindua jiwe lake la kusagia, akaliacha pale mlangoni,
kila mpita njia alione tumbo.

Asubuhi ya ishirini na moja nilisimama na tambi zangu thelathini.
Hakuja mtu.
Upepo tu, na mbwa wa Kasa.
Kisha nikazisikia sauti zao mbali, zinavuka kuta tano za walinzi,
wanakwenda kuketi kitako nyuma ya hekalu:
waliochonga milele ya wengine
wakidai shayiri ya kesho.

Nikachovya kalamu. Majina arobaini.
Penubu hayupo. Kasa hayupo. Siwaji hayupo.
Nilipofika penye sababu, mkono ukasita.
Miaka kumi na tisa sababu ilikuwa na mwenyewe:
nge wake, mama yake, pombe yake, macho yake yaliyovimba kwa vumbi.
Sasa niandike nini?
Nge gani huyu, aumaye watu arobaini kwa usiku mmoja?

Nikaandika: njaa.
Nikalitazama neno. Fupi. Limekaa pembeni
kama mtoto wa jirani wakati wa chakula,
asiyeomba, asiyeondoka.
Chini yake palibaki nafasi ya jina moja.

Nakhtimini hayupo.

Tambi nikampelekea Hunuro. Zilikuwa zimechovywa mafuta ya ng'ombe;
alizipokea kwa mikono miwili,
na sikuuliza kama ni za taa au za chungu.
Kile kibanzi nikakitupa njiani, shimoni,
pamoja na mapande ya mitungi na mifupa ya samaki wa mwaka jana,
mahali ambapo mwizi wa makaburi
hatajisumbua kuchimba.