Uhakiki wa Walio Hai

Tangazo lilibandikwa ukutani pale Chumbageni,
chini ya namba ya fundi bomba:
WASTAAFU WOTE WAFIKE KUHAKIKIWA.
Nililisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta kosa.
Sikuliona. Maradhi ya kazi.

Miaka thelathini na minne nilikifundisha kitenzi hicho.
Nilikiandika kwa chaki ya njano, pamoja na ndugu zake:
haki, hakika, hakiki.
Msichanganye, niliwaambia Kidato cha Tatu.
Anayeidhinisha ana muhuri,
anayehalalisha ana haraka, mara nyingi na wakili.
Kuhakiki ni kukishika kitu
mpaka nacho kikushike.
Bibi yangu, Muheza, alihakiki nazi kwa sikio:
aliitikisa, maji yakajibu.

Kauli ya kutendwa niliipitia harakaharaka.
Haki-ki-wa.
Kengele ilikuwa imelia, na mimi sikudhani.

Saa mbili asubuhi foleni imefika kibanda cha chapati.
Mbele yangu Shekue, zamani wa reli,
na bahasha ya kaki: barua ya ajira, hati ya kustaafu,
picha mbili, na cheti cha ubatizo
alichokuja nacho kwa tahadhari tu.
Kijana wa mezani akatazama kioo, akakuna shingo.
“Mzee, hapa wewe ni marehemu. Tangu Machi.”
Shekue akafikiri.
“Machi tarehe ngapi?”
“Tisa.”
“Tarehe tisa nilikuwa Pangani, nikimzika shemeji.
Basi wamemwandika mwombolezaji.”
Tulicheka benchi zima,
kisha kila mtu akapapasa bahasha yake.

“Mama, weka kidole.”
Nikaweka. Taa nyekundu.
Nikaweka kingine, na kingine, nikabadili mkono.
ALAMA HAIJATHIBITISHWA.
“Vidole vyako havina michoro, mama.”
Alisema kwa upole, kama daktari.

Najua michoro yangu ilikokwenda.
Chaki iliila, kidogo kidogo,
nikiandika kiima, nikiandika kiarifu,
nikifuta kwa kiganja pale dasta ilipoibwa.
Iko Usagara, ndani ya rangi ya ubao,
chini ya maneno ya mwalimu mwingine.

Nikarudishwa benchi. Nyuma ya bahasha nikaandika:

Nimekuja nimefika, miguu i vumbi tele,
Jina nimeliandika, herufi zile kwa zile,
Kidole kimechunika, mashine yapiga kele,
Ni nani mwenye hakika, kama mimi ndimi yule?

Mwanamkuu, aliyekuwa mkunga Bombo,
akachungulia begani pangu, akahesabu mizani kwa midomo,
akatoa nusu ndimu mkobani.
“Sugua. Mimi nilihakiki watu elfu na zaidi,
wala sikuomba kidole.
Mtoto akilia, niliandika saa.”

Nikasugua. Ilichoma penye mikwaruzo ya kuni.
Kumi vilikuwa, tisa vikakataa.
Kilichobaki ni kile kidogo cha kushoto,
ambacho hakijaandika hata nukta maishani mwake,
kilichokaa pembeni siku zote, kikitazama.
Taa ya kijani.
Kijana akagonga muhuri, akaniita hai.
Na mimi, sijui kwa nini, nikamwambia ahsante.

Nje, Shekue alikuwa bado marehemu;
fomu ya kumfufua ingeletwa Jumatatu.
Nikamnunulia chai na chapati.
Akaonja, akakunja uso,
akamwita mwenye kibanda kwa sauti ya stesheni:
“Sukari yako haitoshi!”

Nikainua mkono, nikamwekea vema hewani,
kwa kidole kisicho na michoro.