Tembo Asiye na Kazi

Mara ya tano usiku huu Vardges ananiambia, "Mati,"
kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa,
kisha anaipuliza chai yake.

Nje theluji ya Gyumri imepanda hadi dirisha la chini.
Ngazi za jengo letu zinanuka kabichi.
Tumekaa ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wake,
ubao wa sataranji juu ya friji iliyolazwa chali,
friji ya watu, ameshindwa kuitengeneza tangu Oktoba.
Kunishinda mimi hakumsumbui hata kidogo.

Kete zinavyokwenda najua, hilo nisifundishwe.
Farasi huruka kipembe, kama mlevi akwepaye dimbwi.
Askari haendi nyuma, na akiua huua kishoroba.
Yule wa mshazari kwetu ni tembo,
na kete ya kona twaiita mashua,
sisi ambao nchi yetu haina bahari.

Nimekariri hata mwanzo mmoja, hatua nane,
kutoka daftari la Nairi wangu wa darasa la tatu,
maana shuleni kwao sataranji ni somo, lina mtihani.
Hatua nane natembea kama bibi harusi.
Ya tisa, zulia limekwisha.

"Sasa nifanye nini?"
"Uwe na mpango," anasema Vardges.
Mpango! Utadhani sokoni hupimwa kwa kilo,
kando ya vitunguu.
Nilikuwa nao mpango: kumla malkia wake.
Uliposhindikana nikawa na wa pili:
kumla malkia wake kwa kupitia upande ule mwingine.

Mimi, ninayepanga zamu za wanawake thelathini
katika kiwanda cha soksi,
nashindwa na vijiti kumi na sita.

Jumanne niliupiga ubao kofi.
Nilisema mkono umeteleza. Haukuteleza.
Askari mmoja aliviringika ngazi kwa ngazi hadi chini,
Bibi Zaruhi akampandisha kiganjani, akihema:
"Huyu wenu kakimbia vita. Msimlaumu."

Usiku ule nikaipanga upya ile vita, peke yangu, jikoni.
Nairi akatoka kunywa maji, soksi mguu mmoja,
akasimama akitazama.
"Mama, huyu tembo anafanya nini?"
"Amekaa."
"Tangu lini?"
Nikahesabu kwa vidole.
Tangu mwanzo. Hajasogea hata mraba mmoja.
Mbele yake askari wawili, wangu,
niliowasimamisha pale kwa mkono wangu huu.
"Basi mlikuwa pungufu mtu mmoja," akasema,
akaenda kulala, akiacha bilauri juu ya mraba wa mfalme.

Nilibaki nimeona aibu mbele ya kipande cha mti.
Kiwandani, mwenye mikono mitupu
ningemwona kabla ya saa tatu asubuhi.
Ningemuuliza: dada, umekosa uzi, au umekosa nafasi?
Huku nilikuwa nikitafuta wa kumuua tu,
sijamuuliza hata mmoja wa kwangu
kama ana pa kupita.

Leo sikumshambulia mtu.
Hatua ya kumi na moja nilimsogeza askari, mraba mmoja,
hatua isiyo na kishindo, kama kufungua komeo.
Tembo akaona ubao wote, kona hadi kona.
Vardges alikuwa ameinua kikombe.
Akakishusha bila kunywa.

Nilishindwa. Msinipigie makofi.
Hatua ya arobaini na tatu, "Mati,"
ila safari hii aliisema polepole,
na chai yake ilikuwa imepoa, imefanya utando.

Napanga kete tena.
Tembo huyu. Tembo yule. Farasi, nyuso mbele.
Kisha mashua mbili, kila moja konani kwake,
zimefungwa na watu wangu mwenyewe kila upande.
Vardges anasema ni saa sita, nikalale.
Namwambia anyamaze kidogo,
natafuta maji yako wapi.