Wastani

Kibao kwenye maegesho ya kiwanda cha mbao kinasema:
mzunguko, kilomita kumi na moja, ugumu wa wastani.
Brina anakisoma kwa sauti, ananitazama, anabana kicheko.
Anaijua kesi yangu na neno hilo:
Mwalimu Hedvika aliniandikia miaka minane mfululizo,
kwa wino wa buluu, somo baada ya somo,
wastani, wastani, wastani,
ila kwenye kuimba, ambako alichora kistari tu
akapita kimya, kama mtu apitaye penye msiba.

Haya. Tunafunga kofia. Kidole gumba kinasukuma gia,
mnyororo unaruka jino, unalalama, unashika,
na misonobari ya Koroška inatumeza kwa mkupuo mmoja.

Mwinuko haupigi kelele. Unakwenda tu,
kona, halafu kona, halafu ile uliyodhani ya mwisho.
Brina anapanda amesimama, mgongo kama wa paka;
miaka kumi na minne, mapafu mapya kutoka dukani.
Mimi nimekaa, nasaga.
Haba na haba, wanasema,
lakini kibaba changu kimetoboka mahali.
Jasho linaingia jichoni. Inzi mmoja ananisindikiza
na wala hahemi.

Kisha mizizi.
Imelowa, inang'aa kama migongo ya mikunga.
Hapo usishike breki. Hapo usifikiri.
Legeza viwiko, tazama mbali, liache gurudumu lichague:
lina akili kuliko hofu yako.
(Nayasema haya kwa mdomo. Vidole vyangu
vimebana breki zote mbili.)

Baada ya daraja la mbao, lile lililotandikwa waya wa kuku,
njia imezibwa. Msonobari mzima umelala,
na juu yake ameketi Ožbej, msumeno pembeni,
anakula mkate mweusi na jibini.
"Mngepiga simu," anasema, "ningewaambia mlale."
Anabandua gome kwa kisu, anamwonyesha Brina maandishi:
vijia vyembamba vinavyotoka kwenye kimoja kikuu
kama mbavu za samaki; na mwandishi mwenyewe,
mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele.
"Huyu ndiye ameuangusha?"
"Aliyeuangusha ni mimi. Huyu ameuua tu."
Anafuta mikono kwenye suruali, tunavusha baiskeli
juu ya gogo, ya Brina, kisha yangu,
na utomvu unanigandia viganjani mpaka nyumbani.

Kutoka hapo ni mteremko.
Upepo unapata sauti. Changarawe zinatapakaa kama mahindi kikaangoni.
Namwona Brina vipande vipande kati ya vigogo:
koti la njano, hakuna, koti la njano, hakuna.
Kuna mwaka nilikimbia nyuma yake nimeshika kiti
uani kwetu, naapa sitaachia,
nikaachia.
Koti la njano, hakuna.
Hakuna.
Hakuna.
Naingia kona kwa kasi isiyo yangu, moyo uko kooni,
naye yuko pale, kando ya njia, amepiga goti,
anafunga kamba za kiatu.
"Twende," anasema bila kuinua uso.

Viatu vyake havina kamba.

Tunamaliza pamoja, ubavu kwa ubavu pale njia inaporuhusu,
mmoja nyuma ya mwenzake pale inapokataa.
Maegesho yaleyale. Gari lilelile, kibao kilekile;
kilomita kumi na moja za kufika tulipokuwa.
Tope limeanza kukauka kwenye vigimbi,
goti la kushoto linalia kama bawaba ya ghala.
Brina anasimama mbele ya kibao, anakisoma upya,
safari hii hacheki.
"Ile mizizi, baba," anasema,
"wangeiandika peke yake."

Mimi natafuta ufunguo mfukoni,
na sina haraka ya kuupata.