Feni

Nyuzi tisini na tano.
Kwenye skrini theluji inaanguka,
na herufi W inamchoma Ludwik kidole.
Feni mbili zinavuma kama zimeahidiwa kupaa.
Yeye kaziba masikio kwa muziki; anayesikia
ni mama yake nyuma ya ukuta, Bożena,
dereva wa basi, wa kuamka saa tisa usiku.
"Ludwik! Unasaga nini humo?"

Jumamosi anailaza kifudifudi juu ya gazeti.
Skrubu kumi ndani ya kifuniko cha jamu,
ya kumi na moja imekimbilia chini ya jiko.
Dawa ya kijivu imekauka kama uji wa juzi.
Na kwenye mapanga ya feni, vumbi
lililoshikamana likawa blanketi,
na ndani ya vumbi
manyoya. Meupe, mafupi, magumu.

Figa.

Kila Oktoba, Białystok ikianza kuuma
na mabomba ya jengo bado hayajapashwa,
alikuja kulala ubavuni mwa mashine,
mgongo kwenye matundu, akaota:
moto, na pengine mfupa.
Tangu Aprili hayupo.

Analitoa blanketi kwa kibano, taratibu,
anatazama pipa la taka,
analitia kwenye kiberiti kitupu.

Usiku: nyuzi sabini na moja.
Ukuta unagongwa.
"Umelala?"
"Bado."
"Mbona kimya hivi?"

Anaweka kiganja kwenye matundu.
Vuguvugu tu.
Lisingemtosha mbwa.