Bi Msiri

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mke, sina hata sufuria,
chapati na madondo nakula kwa deni barabara ya Kirinyaga,
nilipoajiriwa niwe mwanamke wa makamo.
Bi Msiri: mjane, mama wa watano, mcha Mungu.
Picha yake tuliikata kwenye kalenda ya duka la dawa,
wakamtia wanja, wakamng'arisha uso,
maana jarida, alisema Kithinji mhariri,
halinunuliwi kwa sura iliyochoka.

Barua zikaja kwa gunia.
Dandora. Kawangware. Umoja.
Nyingine mgongoni mwa risiti ya unga.
*Bi Msiri, mume wangu halali nyumbani mwisho wa mwezi.*
*Bi Msiri, mama mkwe anauliza mbona bado nasoma.*
Nilizijibu baina ya saa tisa na saa kumi,
juu ya tangazo la sabuni ya kuchubua weusi;
na tangazo liliponenepa, ushauri ulikonda.

Ijumaa moja sabuni ilinibakishia mstari mmoja.
Nikaandika:
*Mume haulizwi alikolala, huulizwa kama amekula.*
Nikahesabu herufi. Zikaenea.
Nikashuka kunywa chai.

Jarida lilikufa mwaka uliofuata, na mishahara yetu ya miezi mitatu.
Karatasi ndizo zilizokataa kufa.
Nilizikuta Gikomba zimefunga omena.
Nilizikuta saluni moja Huruma, hazina jalada,
mwanamke kainamisha kichwa chini ya mashine ya moto,
kidole chake kikitambaa juu ya maneno yangu
kama anayesoma dawa ya mtoto.
Mukuru, nyumba ya fundi Wambua,
zimebandikwa kwa uji wa ngano kuzuia baridi ya mabati,
na kijana wake, kabla ya kujua shule,
alijifunzia kusoma ukutani, kando ya mto wake:
mu-me. ha-u-li-zwi.

Miaka kumi na tisa.
Jumamosi iliyopita, Pipeline, ghorofa ya sita,
wanamfunda Mokeira, binti wa dada yangu.
Mimi mwanamume, kazi yangu kreti za soda,
nimesimama koridoni, jasho hadi kwenye soksi.
Ndani, sauti nzito ya Mama Kwamboka:
"Wahenga walisema, mume haulizwi alikolala..."
Nao wote, kama kanisani:
"...huulizwa kama amekula!"
Vigelegele. Vijiko juu ya sahani.

Wahenga gani?
Mhenga ni mimi, mwenye njaa, mwenye nafasi ya mstari.
Lakini Bi Kerubo keshadakia:
hata bibi yake mzaa mama, Mungu amrehemu,
alimwambia hivyo hivyo wakipura wimbi.
Bibi aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Naye hakudanganya. Alikuwa akikumbuka kabisa,
hata mimi pale nje, kreti begani,
nilianza kumsikia yule bibi.

Sijasema kuhusu barua yenyewe.
Ilitoka Umoja. Alijiita Anayengoja.
Aliandika kurasa nne, pande zote mbili,
akaambatisha stempu: *Nijibu kando, Bi Msiri,
nyumbani jarida tunalisoma pamoja.*
Mstari wangu alimsomea nani, kwa sauti gani, sijui.
Stempu niliibandika kwenye bahasha ya kuomba kazi nyingine.

Mokeira alitoka kuchukua soda.
Alikuwa amenakili methali kwenye simu yake,
akiisoma tena, midomo ikicheza.
"Mjomba," akasema, "wewe uliwahi kuandika mambo haya.
Na yule ambaye hali nyumbani, anaulizwa nini?"

Nikajipapasa mifuko,
huu, kisha huu,
kana kwamba natafuta kifungulio cha chupa.