Amka Sigano

Baraza tunagawana, mimi na cherehani ya Bi Chausiku:
yeye anashona, mimi nafumua.
Barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
meza ya futi tatu, taa ya kubana,
bisibisi nyembamba kama sindano,
na spiriti ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi.

Watu huniletea vioo vilivyopasuka
na visingizio vizima.
"Imeanguka yenyewe, fundi."
Sawa. Simu zina miguu.
Nywila huniandikia kwenye karatasi ya sigara
huku wakitazama pembeni:
mwaka wa ndoa, jina la kitindamimba,
na siku moja, jina la mwanamume
ambaye si yule aliyekuwa nje akishikilia baiskeli.
Nafungua, natengeneza, nafunga.
Mdomo wangu nao una nywila.

Jumatano, rasharasha tangu asubuhi,
akaja Bi Mwantumu wa Makorora,
simu ameifunga kwenye pindo la kanga.
"Inalia," akasema.
"Kulia ndiyo kazi yake, mama."
"Saa kumi na robo alfajiri. Kila siku ya Mungu.
Kioo kimekufa, nikigusa hakisikii.
Inalia mpaka ichoke yenyewe.
Jirani kanigongea ukuta mara tatu,
mara ya nne kaja na mjumbe."

Nikamuuliza swali la kifundi, yaani la kijinga:
"Si ungeiacha tu iishe chaji?"

"Nani amekwambia nataka izime?"

Cherehani ikanyamaza.

Nikabandua kioo kwa joto, polepole,
nikapachika kingine. Si orijino, nilimwambia;
orijino bei yake inanunua mbuzi na kamba yake.
Mwanga ukapanda.
Betri: asilimia tisini na nane.
Miezi saba mtu kafa, na simu yake haijalala na njaa.

Kengele iko pale pale, nne na robo kwa saa ya simu,
kumi na robo kwa saa yetu,
na chini yake maneno yaliyobonyezwa na kidole
kilichozoea mifuko ya saruji kuliko herufi:

AMKA SIGANO BASI LA KIWANDA HALINA MJOMBA

"Singano," akasema. "Jina lake Singano.
Ona, hata jina lake mwenyewe kalikosea."
Akacheka.
Kilichofuata baada ya kicheko sitakisimulia.
Mimi nilijitia kutafuta skrubu chini ya meza,
Bi Chausiku akakanyaga cherehani isiyo na uzi.

"Niirudishe ile N?"
"Wacha. Ndivyo alivyokuwa na haraka."

"Na kengele, niizime?"
Kidole changu kiko hewani.
Ni kitufe tu, kidogo, unakisukuma upande mmoja.
Ng'ambo ya barabara muuza machungwa alikuwa anamenya,
ganda linashuka refu, halikatiki,
akamaliza chungwa zima
ndipo Bi Mwantumu akajibu.

"Isogeze. Weka kumi na moja na nusu.
Basi lake lilishaondoka.
Mimi sina shifti."

Nikasogeza. Saa moja na robo ya usingizi.
Nimelipekua daftari langu la bei:
kuna kioo, kuna betri, kuna tundu la chaji,
kuna kuondoa maji.
Hiyo haimo.

Akalipa kioo. Ya ufundi akaniomba nimpunguzie,
nikampunguzia, akaomba tena
kwa ule upole wa watu wa huku
unaokuachia mfuko mtupu na shukrani juu.
Akaifunga simu kwenye pindo, akashuka ngazi,
akaruka dimbwi kama msichana.

Haya, nani anafuata?
Kijana wa bodaboda, simu inachuruzika maji.

"Imeingia kwenye ndoo yenyewe, fundi."