Daktari wa Usingizi

"Kulaza si kazi," alinambia siku ya kwanza,
huku anaihesabu mitungi ya oksijeni kwa kidole.
"Hata hotuba hulaza watu. Kazi ni kuamsha."
Akacheka peke yake. Sie wa Wete tulikuwa bado
tunaisikiliza lafudhi: Kipemba cha bibi yake,
kilichowekwa Maskati miaka hamsini kama achari chupani,
kina maneno ambayo hapa tushayasahau.

Dokta Thuwaiba Khelef. Shahada ya Iskandaria.
Pasi ya kusafiria, si ya kwetu.
Kwenye fomu pana kisanduku cha Mkaazi na kisanduku cha Mgeni,
na kalamu yake ikasita baina yao hata wino ukafanya kitone.
"Bibi yako je?" nikamuuliza.
"Kazikwa Mtambwe."
"Basi huyo ndiye mwenye ukaazi wa kudumu," nikasema,
na papo hapo nikaona haya, maana hakucheka.

Kibali cha kazi kilikwisha Jumanne.
Faili la kipya lilivuka kwenda Unguja tangu Mfungo Sita,
na huko Unguja limelala.
Ndivyo walivyosema kwenye simu, kwa sauti ya chini,
kama watu wanaopita karibu na kitanda cha mgonjwa:
limelala, dada. Mezani kwa nani, hawajui.
Shahada ni ya Kiarabu, itafutiwe mfasiri mwenye muhuri.
Baraza la madaktari linawangoja watu wa Kazi,
watu wa Kazi wanawangoja Uhamiaji,
Uhamiaji wanalingoja Baraza.
Nusu kaputi hiyo, nikasema. Na wa kuliamsha hayupo.

Siku kumi na tisa alikaa kwenye benchi la nje,
kati ya ndoo ya jiki na mlango wa thieta,
koti kalikunja mapajani kama mtoto wa mtu mwengine.
Hakutaka kwenda kwake. Alisema feni ya kule ina kelele.

Usiku wa Ijumaa wakamleta Hidaya wa Kojani.
Mtoto tumboni kalala mshazari.
Gari ya wagonjwa imekwenda Chake, haijarudi.
Mie nina kozi ya miezi sita na mikono miwili.
Dokta Shaame kashanawa, ananitazama.

Thuwaiba akaja mpaka kizingitini. Akasimama hapo,
vidole vya miguu nje ya mstari mwekundu,
sauti ndani.
"Mize. Mkalishe. Ainame kama anayetafuta shilingi chini ya kitanda.
Shika mfupa wa nyonga, panda, sasa vuka hadi uti.
Hapo. La, chini kidogo. Hapo.
Ukisikia kama umetoboa karatasi, tuliza mkono."
Nikaisikia karatasi.
Maji yakaja safi, tone, tone.
"Bismillahi. Polepole. Na mzungumzishe, asikuogope."
Sheria imeandika mikono.
Sikuona ilipoandika koo.

Kitoto kikalia saa nane na robo.
Kwenye daftari, safu ya mtoa usingizi,
nimeandika jina langu, na sikujivunia.

Jumatatu Unguja wakapiga: faili limeamka!
Ila picha nyuma yake ni buluu. Inatakiwa nyeupe.

Tukaenda kwa Faki mpiga picha, nyuma ya soko.
Katundika shuka, pasi haijaliona,
kamweka dokta juu ya stuli.
"Usicheke. Usifumbe macho."
Mwanga ukapiga. Kafumba.
"Tena." Kafumba.
Mara ya tatu Faki hakubonyeza kitu.
"Dada Mize," akaninong'oneza, "huyu kalala kweli."

Kichwa kimeegemea shuka, mdomo wazi kidogo,
mikono juu ya magoti imefunguka.

Zima taa, nikamwambia. Mwache.
Nitamwamsha mie.